Moyo unakwenda mbio nikisimama: mazoezi ni dawa, ila anzia mkekani

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, ni fundi cherehani hapa Arusha. Mwaka jana niliugua homa ya matumbo, nikalala kitandani karibu mwezi mzima. Tangu nipone, nikisimama moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza, miguu inaisha nguvu. Kila nilipokwenda niliambiwa ni presha ya kushuka, lakini wakipima presha wanaikuta sawa. Mwezi uliopita daktari mmoja alinilaza, akahesabu mapigo 72. Akanisimamisha, dakika ya 10 yakawa 118. Akaandika POTS, akanipa propranolol kidogo ya kupunguza mapigo na kusema nifanye mazoezi. Kaka yangu akanipeleka alfajiri uwanja wa Sheikh Amri Abeid tukimbie. Raundi ya pili nilianguka, na siku mbili zilizofuata sikutoka kitandani. Sasa nyumbani wananiona mvivu. Je, mazoezi ni dawa kweli, au yatanimaliza?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na lile linalokuuma zaidi: wewe si mvivu. Mtu ambaye mapigo yake yanaruka kutoka 72 hadi 118 kwa kusimama tu, hajabeba ndoo wala hajapanda ngazi, moyo wake unafanya kazi ya mtu anayepanda mlima na hali yeye yuko foleni ya kununua mkate. Akichoka, amechoka kihalali. Barua hii wasomee na wenzako nyumbani.

Na ndiyo, mazoezi ni dawa ya hali yako, hiyo POTS, yaani mapigo ya moyo kupanda kupita kiasi mtu akisimama. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo hapa Moshi sijui kidonge cha POTS ambacho ningekiweka mbele ya mazoezi yaliyopangwa vizuri. Ila kaka yako, kwa mapenzi yake yote, amekupa dawa sahihi kwa dozi ya mtu aliye mwezi wa sita wa mazoezi, tena ukiwa wima, tena alfajiri. Dawa hii huanza mtu akiwa amelala chini.

Tuanze na kinachotokea mwilini, maana ukikielewa hutahitaji mtu wa kukusukuma. Mtu yeyote akisimama, kati ya mililita 500 na 800 za damu hushuka kutoka kifuani kwenda miguuni na tumboni, kama maji yanavyofuata mteremko. Kwa asiye na tatizo, mishipa ya miguu na ya tumbo hujikaza papo hapo, vigimbi hubana, damu ikapanda tena. Mapigo huongezeka kidogo, labda 10 au 15, na mtu hata hajui kama kuna kazi imefanyika. Kwako, ama mishipa haijikazi inavyotakiwa, ama damu yenyewe mwilini imepungua, ama yote mawili. Moyo unapokea damu haba kwa kila pigo. Ili ubongo usikose, mwili unamwaga adrenalini na moyo unaongeza mwendo. Ndiyo maana presha yako inakutwa sawa: moyo unailipia kwa kukimbia. Hilo jina la presha ya kushuka lilikupotezea muda wa bure.

Kipimo ulichofanyiwa ndicho chenyewe. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, bila presha kuanguka, na dalili zikawa zimedumu miezi 3 au zaidi, hapo tunasema POTS. Kwa kijana wa miaka 12 hadi 19 tunataka ongezeko la 40, kwa sababu mapigo ya vijana hupanda kwa urahisi. Wako yalipanda kwa 46. Jina hili si la zamani sana, lilianza kutumika mwaka 1993 huko Marekani, na wengi wanaopatwa ni wanawake wa umri wako. Mara nyingi hali hii hufuata homa kali. Baada ya UVIKO-19 wamekuwa wengi zaidi.

Sasa huo mwezi uliolala. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wa kiume kwa wiki 3. Wiki tatu tu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kufanya kazi ulikuwa umeporomoka vibaya mno. Miaka 30 baadaye vijana wale wale, sasa watu wazima, walipimwa tena, ikaonekana kwamba wiki zile 3 za kulala ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Damu huanza kupungua ndani ya siku chache za kwanza za kulala, kisha misuli hunywea, na moyo wenyewe, ambao nao ni msuli, hupungua. Kwa hiyo mtu wa POTS huingia kwenye mduara mbaya: akisimama anaumwa, kwa hiyo analala, akilala, damu na moyo vinapungua, akisimama tena anaumwa zaidi. Homa ya matumbo ilikutia ndani ya mduara huo na kitanda kikaufunga mlango.

Simaanishi kwamba umejiletea mwenyewe. Wako watu wa POTS waliokuwa wanariadha hadi siku walipougua. Lakini hata kama kulala hakukuleta ugonjwa, kulala kunaulisha.

Ni huko huko Dallas ambako daktari Benjamin Levine na wenzake walipima mioyo ya watu wa POTS, wakakuta midogo kuliko ya wenzao wasio na ugonjwa, na damu pungufu. Wakawaandalia mazoezi ya miezi 3 yaliyoanza mtu akiwa amelala au amekaa na miguu mbele: kupiga makasia kwa mashine, kuogelea, baiskeli ya kuegemea. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliomaliza walikuwa 19, na 10 kati yao hawakuwa tena na vigezo vya POTS. Moyo ulikua, damu iliongezeka. Baadaye mpango huo ulipelekwa kwa watu wengi zaidi waliofanya mazoezi kwao, wakisimamiwa na madaktari wao wenyewe. Taarifa ilitoka mwaka 2016: kati ya 103 waliofika mwisho, asilimia 71 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa.

Lakini walioanza walikuwa 251. Zaidi ya nusu waliishia njiani. Nakutajia hesabu hiyo kwa sababu mwezi wa kwanza ni mgumu, na ukiuona mgumu usidhani wewe peke yako umeshindwa. Wengi huzidiwa kidogo katika wiki za mwanzo kabla ya kupata nafuu. Nafuu yenyewe huja taratibu, na kwa kawaida mtu huanza kuiona vizuri mwezi wa tatu.

Kuna jambo bado linanisumbua. Miaka ya nyuma, kabla sijaielewa hali hii, nilimweka mwanafunzi mmoja wa kike kwenye mashine ya kukimbilia. Hakumaliza dakika 4, akazimia mikononi mwangu. Kwenye kadi yake niliandika kwamba hana juhudi. Alikuwa na juhudi kuliko mgonjwa yeyote niliyekuwa naye wiki ile. Tangu siku hiyo simsimamishi mgonjwa wa mapigo kabla hajalala chini mbele yangu na kunionyesha anachoweza.

Haya, tuingie mkekani. Huna mashine ya kupiga makasia na mimi sikutumi kuinunua. Nenda kwa fundi baiskeli wa mtaani kwenu, mwombe tyubu kuukuu iliyochoka kuzibwa. Ikate pale penye valvu, upate kamba moja ndefu ya mpira, uioshe kwa sabuni itoke vumbi. Vaa raba, kwa sababu mguu mtupu ukiteleza mpira utakurukia usoni. Tandika mkeka, lala chali, kunja goti la kulia, pitisha katikati ya tyubu chini ya unyayo, zungushia ncha zake viganjani. Sasa sukuma mguu mpaka ukaribie kunyooka, hesabu moja, mbili, kisha urudishe taratibu zaidi ya ulivyousukuma. Usibane pumzi, toa pumzi wakati wa kusukuma. Fanya mara 10, badili mguu. Utausikia moto kwenye paja na kigimbi, na hapo ndipo tunapopataka, kwa sababu misuli hiyo ndiyo pampu inayorudisha damu juu unaposimama.

Wiki ya pili, kama ya kwanza imekwenda vizuri, kaa mkekani miguu mbele, tyubu ikiwa chini ya nyayo zote mbili. Kunja magoti kidogo, kisha nyoosha miguu huku ukivuta viwiko nyuma, mikono ikipita kandokando ya mbavu. Rudi mbele. Ni mwendo wa mvuvi anayepiga makasia, na unatumia miguu, mgongo na mikono kwa pamoja bila kusimama. Kati ya seti na seti lala chali ukanyage hewani kama mwendesha baiskeli, au kunja magoti, nyayo chini, na uinue kiuno mpaka mapaja na tumbo viwe mstari mmoja.

Dozi ni siku 3 kwa wiki, kila baada ya siku moja ya mapumziko. Lengo la mwezi wa kwanza ni kufikia dakika 30, ndani yake zikiwamo dakika 5 au zaidi za kupasha mwili mwanzoni na nyingine kama hizo za kupoa. Lakini kama leo unaweza dakika 4, fanya 4. Wiki ijayo 6. Ongeza dakika kwanza, nguvu baadaye, na usiongeze vyote viwili wiki moja. Usitumie mapigo kama kipimo cha nguvu, kwa sababu propranolol inayashikilia na yatakudanganya. Tumia mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba ubeti wa kwaya. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kusema, punguza.

Na usifanye alfajiri. Usiku kucha mwili umepoteza maji, na asubuhi ndiyo saa mbaya ya POTS kwa watu wengi. Fanya saa 10 au 11 jioni. Kunywa nusu lita ya maji robo saa kabla ya kuanza, yote kwa mara moja. Nusu lita hiyo peke yake husaidia damu kukaa juu kwa saa moja hivi. Ukimaliza, usiruke kusimama. Lala dakika chache, kaa, kanyaga nyayo chini ukiwa umekaa, ndipo uinuke.

Kama unaweza kulipia bwawa hata mara moja kwa wiki (baadhi ya hoteli za Arusha na hapa Moshi huruhusu watu wa nje), maji ni rafiki mkubwa. Yanabana miguu na tumbo pande zote, damu haipati pa kushukia. Hata kama hujui kuogelea, kutembea ndani ya maji ya kifuani, ukiwa na mtu pembeni, ni zoezi zuri. Hatari iko kwenye kutoka: yale maji yaliyokuwa yanakubana yanakuachia kwa mkupuo. Toka polepole na ukae ukingoni.

Mwezi wa pili au wa tatu tutakuinua nusu. Hapo inafaa baiskeli, lakini si barabarani. Arusha ina miinuko mingi, na kizunguzungu juu ya baiskeli barabarani ni msiba. Umewahi kumwona mnoa visu anayepita mitaani? Anapiga stendi ya nyuma, gurudumu linaning'inia, anakaa na kukanyaga hapo hapo alipo. Fanya hivyo, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani na mtu ameishika. Baada ya hapo, mwezi wa nne au wa tano, kutembea kwa kasi mahali tambarare. Kukimbia ni mwisho kabisa, na si lazima ufike huko. Wapo wagonjwa wangu wanaoishi vizuri ambao hawajawahi kukimbia hata mita 100.

Kuhusu kazi yako. Umepata bahati ambayo mwalimu au mhudumu wa hoteli hana: cherehani ya kukanyaga ni zoezi la vigimbi ukiwa umekaa. Endelea nayo. Adui yako pale kibandani ni pasi. Umesimama wima mahali pamoja, mkaa unakuchoma usoni, joto linatanua mishipa ya ngozi, damu yote inashuka. Shusha meza au pandisha kiti, upige pasi umekaa. Ukilazimika kusimama, kwenye kifodi au kanisani, pishanisha miguu kama mkasi na ubane mapaja na makalio kwa nguvu, au chuchumaa ukijifanya unafunga kamba ya kiatu. Na bibi zetu walikuwa na kitu ambacho wataalamu wa POTS wanakishauri leo kwa majina mengine: jifunge kibwebwe. Namaanisha kibwebwe chenyewe, khanga iliyokunjwa na kukazwa tumboni, kutoka chini ya mbavu hadi nyongani. Kubana tumbo hupunguza damu inayokwama huko. Funga ukiwa umelala kabla ya kuinuka, fungua ukilala.

Maji lita 2 hadi 3 kwa siku. Chumvi ndiyo inayowashangaza watu, kwa sababu wote tumefundishwa kuipunguza, na kwa watu wengi hilo ni sawa. Kwa POTS huongezwa, mara nyingi mpaka karibu gramu 10 kwa siku ukijumlisha na iliyomo kwenye chakula, kwa sababu chumvi ndiyo inayoyashika maji ndani ya mishipa. Lakini muulize daktari wako kwanza, na mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa figo asijaribu. Chakula kula kidogo kidogo mara nyingi. Bakuli kubwa la mtori ukilimaliza kwa mkupuo, damu hukimbilia tumboni, na ukisimama utajuta.

Sasa zile siku mbili ulizoshinda kitandani. Zinanipa wasiwasi, nataka uzichunguze. Kama ni uchovu wa mtu aliyelazimishwa kukimbia akaanguka, mpango huu utakufaa. Lakini kuna watu, hasa baada ya maambukizi, ambao kazi ndogo tu huwaangusha siku ya pili yake: mwili unauma kama wenye homa, akili inakuwa na ukungu, usingizi hauwapumzishi, na hali hiyo hukaa siku nyingi. Hilo ni tatizo jingine linaloweza kukaa pamoja na POTS, na kwa watu hao kuongeza mazoezi kila wiki kwa ratiba kunaumiza. Uingereza, katika mwongozo wa mwaka 2021, iliacha kabisa kuwapendekezea wagonjwa wa namna hiyo mazoezi ya kupandisha hatua kwa hatua. Kwa hiyo anza na dakika 3 tu za mkekani, kisha ujiangalie kwa siku 2. Ukiamka vizuri, endelea. Ukianguka tena kwa dakika 3, acha, na umrudie daktari na maelezo hayo hayo.

Mrudie pia kama hujapimwa wingi wa damu, tezi ya shingo na ujauzito, kwa sababu upungufu wa damu peke yake unaweza kuigiza dalili zako zote, na kipimo chake ni rahisi. Na ukizimia katikati ya zoezi, ukibanwa kifua, ukitapika damu au kutoa choo chenye damu, au mapigo yakikimbia ghafla ukiwa umelala, usisubiri zamu ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nunua daftari dogo. Kila Jumapili kabla ya kutoka kitandani, lala tuli dakika 10, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Kisha simama ukiegemea ukuta, visigino vikiwa mbali na ukuta kama shibiri moja, na mtu mwingine awe karibu. Hesabu tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Ukizidiwa kabla ya 10, kaa, andika dakika uliyofikia. Usishtuke wiki moja ikiwa mbaya; siku za hedhi, mafua au joto la Februari huvuruga hesabu. Wiki kama hizo rudi kwenye mkeka, usiache kabisa, maana kinachojengwa kwa miezi hubomoka haraka mtu akilala.

Kazi ya kusimama karibu na kushika saa ningempa kaka yako. Mtu anayeamka alfajiri kumpeleka mdogo wake uwanjani ni mtu wa kutegemewa, sema tu apewe kazi yake: atafute tyubu, ashike baiskeli, ahesabu dakika, na kila Jumapili aandike namba kwenye daftari. Daftari likifika wiki ya 12, njooni nalo Moshi wote wawili tulisome pamoja.